KIBURI KIMEVAA KANZU YA YUSUFU



Neno la leo si la kumtumia mtu mwingine. Ukimaliza kusoma useme, "Hii ni ya kaka yangu, wacha nimtumie," basi limekupita. Ni lako wewe. Soma mpaka mwisho, halafu tuone kama bado utakuwa na mtu wa kumtumia.

Kila Jumapili tunasikia ushuhuda wa aina moja. Mtu anasimama, anashika kipaza sauti, anasema: "Ndugu zangu walinichukia, walinidharau, lakini Mungu ameniinua. Mimi ni Yusufu wa familia yetu!" Na kanisa zima linapiga makofi na vigelegele.

Mpendwa, hebu tupige hesabu kidogo. Yakobo alikuwa na wana 12. Yusufu alikuwa mmoja. Benyamini alikuwa nyumbani na baba. Waliobaki ni kumi, nao ndio waliokuwa upande wa shimo. Biblia inasema Yusufu ni mmoja kwa ndugu kumi. Sisi kanisani tumegeuza hesabu. Watu mia tatu wako ibadani, na wote mia tatu ni Yusufu. Shimo lipo, ndugu aliyetupwa yupo, kanzu yenye damu ipo, lakini aliyemtupa hayupo. Hakuna hata mmoja ambaye amewahi kusimama akasema, "Mchungaji, mimi ni Yuda. Mimi ndiye niliyetoa wazo la kumuuza."

Ndiyo maana nasema kiburi kimevaa kanzu ya Yusufu. Kiburi hakibishi hodi kikisema, "Mimi ni kiburi, nimekuja kuvunja nyumba ya baba yako." Kinajua ungekikemea kwa jina la Yesu. Kwa hiyo kinakuja na majina mazuri. Kinajiita "heshima yangu." Kinajiita "nalinda amani yangu." Kinajiita "Mungu amenitenga nao kwa sababu ya ninakoelekea." Na wewe unakikaribisha, unakiombea, unakifungia, na kumbe unamlisha nyoka.

KIBURI HAKINA KITI KIMOJA

Tukisema kiburi, akili inaenda moja kwa moja kwa yule ndugu mwenye pesa. Yule aliyejenga nyumba ya ghorofa nyumbani na kuweka geti kubwa kuliko la chifu. Ni kweli, kiburi kinakaa hapo. Kuna ndugu ambaye hawezi kuchangia karo ya mtoto wa dada yake bila kuitangaza kwenye kundi la WhatsApp la familia, na picha ya ujumbe wa M-Pesa ameiweka pale ili hata binamu waone. Kuna dada aliyesomesha wadogo zake kwa jasho la Saudia, na kweli alifanya kazi kubwa, lakini kila mkutano wa familia lazima awakumbushe: "Bila mimi mngekuwa wapi?" Alinunua karo, sasa anataka pia kununua sauti zao.

Lakini kiburi kinakaa pia kwa asiye na kitu. Kuna mtu ambaye mdogo wake amefanikiwa, na kwa sababu hiyo peke yake hampigii simu. Anakaa njaa. Watoto wanakaa nyumbani bila karo. Ukimuuliza anasema, "Mimi siwezi kumnyenyekea mtoto niliyembeba mgongoni." Akiletewa unga anauangalia kama matusi. Huyo naye, mbele za Mungu, ana macho ya kiburi, hata kama viatu vyake vimetoboka.

Kinakaa kwa kifungua mimba anayesema, "Mimi ndiye mkubwa, yeye ndiye aje." Wahenga walisema mkubwa ni jalala. Maana yake mkubwa ndiye anayebeba takataka za wadogo bila kuzirudisha kila siku mlangoni mwao. Wewe umetaka ukubwa lakini umekataa jalala. Kinakaa kwa kitinda mimba aliyezoea kupatanishwa kila mara na mama, na sasa mama hayupo, anangoja nani amwendee? Kinakaa kwa aliyebaki nyumbani kumuuguza mzee, na sasa anawaambia wa mjini, "Nyinyi mlikuja na maua, mimi nilibadilisha shuka." Alifanya neno jema sana. Lakini tazama linavyogeuka kuwa fimbo.

Kaka yake Daudi alikuwa na ugonjwa huu. Soma 1 Samweli 17. Yese anamtuma Daudi apeleke bisi na mikate kumi kwa ndugu zake vitani. Kijana anafika na chakula mkononi, na Eliabu, mkubwa wao, anamwakia hasira. Anamwambia anajua kiburi chake. Ona maajabu haya! Eliabu ndiye aliyekuwepo siku Samweli alipopita mbele yake bila kummwagia mafuta, akamwagia kitoto cha kuchunga kondoo. Jeraha lile hakulipeleka kwa Mungu. Alilificha, likaoza, na siku alipoletewa mkate akauona ule mkate ni dharau. Na ugonjwa aliokuwa nao yeye akamwambia mwenzake, "Wewe ndiye mgonjwa." Unapojikuta kila siku unasema "ndugu yangu ana kiburi sana," simama kwanza. Eliabu alisema hivyo hivyo.

SI SHAMBA

Utaniambia, "Mchungaji, wewe hujui. Sisi tuligombania shamba." Nitakujibu kwa upendo: hapana. Shamba halijawahi kugombanisha mtu. Mithali 13:10 inasema wazi kwamba mashindano hayana mzazi mwingine ila kiburi, na hekima iko na wale wanaokubali kushauriwa.

Shamba linagawanyika. Mpima ardhi akija asubuhi, jioni alama za mipaka ziko chini. Nchi hii ina Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika 1981, na sheria hiyo inapotaja mtoto haimuulizi kama ni wa kiume au wa kike, wala kama dada ameolewa. Kwa hiyo wewe unayesema "dada alishaolewa, hana chake hapa," usilisingizie Neno la Mungu, na usiisingizie sheria. Hilo ni lako. Hata Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 159, inawataka majaji waendeleze njia za upatanisho. Na tangu 2016, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilipoanza mpango wake wa upatanishi, kesi za familia zilikuwa kati ya zile za kwanza kuingizwa humo. Sikia hilo vizuri, mtu wa Mungu. Serikali inamwambia ndugu, "Kabla hatujawahukumu, hebu kaeni mzungumze." Na wewe uliyejazwa Roho Mtakatifu unasema, "Tutaonana kortini"!

Basi kama shamba linagawanyika, na sheria ipo, na wapatanishi wapo, kwa nini kesi inakaa miaka kumi na tano? Ni kwa sababu kinachogombaniwa si ekari mbili. Kinachogombaniwa ni nani atasema, "Wewe umeshinda." Ni nani ataenda kwa mwenzake kwanza. Ni nani atakaa kiti cha mzee. Hicho ndicho mpima ardhi hawezi kukipima. Na mwishowe wakili anauza kipande kujilipa, mwingine kinauzwa kulipa hospitali, na walio nje wanacheka. Wahenga walituambia: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kikapu ukavune. Jirani wako anajua ugomvi wenu utaisha. Anayefaidika sasa hivi ni yule mnunuzi aliyekuja kuwanong'oneza kila mmoja kivyake.

Nikuonyeshe mfano wa watu ambao hawakukosa mali. Angalia viatu vya raba mlangoni kwako. Huenda kuna vyenye mistari mitatu, au vyenye mnyama anayeruka. Kampuni hizo mbili, Adidas na Puma, zilitoka katika nyumba moja. Adolf na Rudolf Dassler walikuwa ndugu wa tumbo moja katika mji mdogo wa Herzogenaurach, Ujerumani. Walianzia kazi yao chumba cha mama yao cha kufulia nguo, na 1924 wakaandikisha kiwanda kilichoitwa cha Ndugu Dassler. Jesse Owens aliposhinda medali nne za dhahabu Berlin 1936, alikuwa amevaa viatu vyao. Mungu awape nini tena?

Wakakosana. Sababu zinasimuliwa nyingi, lakini hakuna hata moja iliyokuwa njaa. Rudolf akaondoka akaanzisha Puma 1948, na Adolf akaandikisha Adidas 1949, mji ule ule, mto ukipita katikati. Mji ukagawanyika nao. Watu walijulikana kwa kuangalia chini, kwa sababu kabla hujaongea na mtu ulitazama kwanza amevaa viatu vya nani. Rudolf alifariki 1974, Adolf 1978, na wamezikwa makaburi yale yale, lakini mbali mbali, kana kwamba hata mauti hayakuwatosha. Na 2009, zaidi ya miaka sitini baada ya ugomvi, wafanyakazi wa kampuni zile mbili ndio waliocheza mpira pamoja kama ishara ya amani. Wafanyakazi! Wenye damu walishalala.

Mpendwa, mafanikio hayaponyi kiburi. Wewe unaomba, "Mungu niinue ndugu zangu waone." Akikuinua na kiburi hicho ndani, atakuwa ameinua ukuta tu.

MAANDIKO MNAYOYATESA

Sasa nifike mahali ambapo wengine watakasirika na mimi. Kasirika, lakini fungua Biblia.

Kuna andiko linapendwa sana: Mathayo 10:36, kwamba adui za mtu ni wale wa nyumbani mwake. Linaandikwa kwenye simu chini ya picha ya mtu aliyevaa suti, na ndugu zake wanajua linawahusu. Lakini rudi mstari wa 32 uanze hapo. Bwana anazungumzia mtu anayemkiri Kristo na familia yake ikamkataa kwa sababu ya Kristo. Wewe ndugu yako amekukataa kwa sababu ya Kristo, ama kwa sababu ya pikipiki? Amekuchukia kwa ajili ya Injili, ama kwa ajili ya lile neno ulilomwambia mbele ya mke wake siku ya mahari? Usimfanye Yesu mshiriki wa ugomvi ambao hakuwepo ulipoanza.

Lingine ni Zaburi 23:5, meza iliyoandaliwa machoni pa watesi. Daudi aliimba hivyo akijua mkuki ni nini. Wewe umemwandika dada yako kuwa mtesi, na meza ni ile nyama choma unayopiga picha ili aone. Hiyo si meza ya Bwana. Hiyo ni maonyesho.

Na tukiwa hapo, tuwazungumzie hawa wanaojiita manabii wa saa nane usiku. Unampigia simu, unamwambia kazi haipatikani. Anafumba macho, anakuambia, "Ninaona mwanamke, wa damu yako, mweusi kidogo, amefunga nyota yako." Kisha anakuambia utume sadaka ya kuifungua. Wewe unashuka hapo, unaanza kuhesabu dada zako: ni nani mweusi kidogo? Na kuanzia siku hiyo chakula chake huli, mtoto wako hamkanyagii mlango, na usiku unaomba moto umshukie. Moto umshukie nani? Mliyenyonya titi moja?

Nisikilize kwa makini. Wachawi wapo katika Maandiko, na sikatai vita vya kiroho. Mimi ni Mpentekoste na usiku wa maombi nautetea. Lakini Mithali 6 inaorodhesha mambo saba ambayo ni chukizo kwa Bwana. La kwanza ni macho ya kiburi. La mwisho ni mtu anayepanda fitina kati ya ndugu. Ukianza na la kwanza, barabara inakufikisha kwenye la saba. Mtu anayekula pesa yako ili akupe sababu ya kumchukia dada yako amekaa pale kwenye namba saba, hata akiwa na mafuta ya upako lita ishirini. Na ameweza kukudanganya kwa nini? Kwa sababu kiburi chako kilikuwa kinatafuta mtu wa kulaumiwa. Ni rahisi kusema "nyota yangu imefungwa" kuliko kusema "nilifukuzwa kazi kwa kuchelewa."

KAMA NI YUSUFU, BASI VAA YOTE

Umesisitiza wewe ni Yusufu? Haya, tukubali. Lakini usichukue kanzu na ndoto ukaacha yaliyobaki.

Mwanzo 40:15. Yusufu yuko gerezani, anamweleza mnyweshaji jinsi alivyofika Misri. Anasema aliibwa kutoka nchi ya Waebrania. Basi. Hakusema, "Ndugu zangu kumi waliniuza vipande ishirini vya fedha." Alikuwa na nafasi ya kusema, alikuwa na uchungu wa kusema, na ilikuwa kweli tupu. Aliwafunika. Wewe habari za kaka yako tumezisikia kwenye chama, tumezisikia saluni, tumezisikia kwenye ombi la maombi. Umewahi kusema "mniombee kwa ajili ya ndugu yangu" halafu ukaongea robo saa ukimvua nguo?

Mwanzo 45:1. Siku aliposhindwa kujizuia, kabla ya kusema "mimi ni Yusufu," aliamuru kila Mmisri atoke nje. Jiulize kwa nini. Alikuwa gavana. Angetaka watazamaji, ikulu ilijaa. Lakini kilichokuwa kinaenda kusemwa mle ndani kingewaaibisha ndugu zake mbele ya wageni. Akafunga mlango. Watu wa nyumba ya Farao walisikia sauti ya kilio. Na habari iliyomfikia Farao ni kwamba ndugu za Yusufu wamekuja. Hatusomi popote kwamba aliambiwa walichofanya. Sisi tunatoa watu wa familia tunaingiza Wamisri. Tunafungua simu, tunaandika kwenye kundi lenye watu themanini, shangazi, wakwe na watoto wakisoma.

Na Mwanzo 50, baba akishazikwa, ndugu wakaogopa kwamba sasa atalipiza. Yusufu alilia, akawaambia yeye si badala ya Mungu, akaahidi kuwalisha wao na watoto wao. Huyo ndiye Yusufu. Kama huwezi kumlisha mtoto wa aliyekuuza, rudisha kanzu.

Tumtazame na Yakobo. Alibarikiwa kwamba atakuwa bwana wa ndugu zake na wana wa mama yake watamwinamia. Ni Mwanzo 27:29. Unabii huo alikuwa nao mfukoni. Amekaa kwa Labani miaka 20, anarudi, Esau anakuja na watu 400. Na sura ya 33 inatuambia ni nani aliyeinama. Ni Yakobo! Mwenye unabii wa kuinamiwa ndiye aliyeinama mpaka chini, si mara moja, mara saba. Na aliinama akichechemea, kwa maana ni asubuhi ile ile aliyotoka kushindana mweleka na kuguswa uvungu wa paja. Hebu waza maumivu ya kila kuinama. Anamwita Esau "bwana wangu." Na Esau, yule mwindaji aliyeapa kumuua, alikimbia akamkumbatia, wakalia wote wawili. Esau akamwita "ndugu yangu."

Umeelewa? Kuinama hakukufuta baraka ya Yakobo hata kidogo. Aliinuka kutoka mavumbini akiwa bado ni Israeli. Wewe unaogopa kwamba ukiomba msamaha utapoteza nafasi yako. Nafasi gani hiyo inayopotea kwa kuinama? Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na udugu wenu umeangukia mvunguni. Hautaupata ukiwa umesimama umenyoosha shingo.

"LAKINI MIMI NDIYE NILIYEKOSEWA"

Najua wako watakaoandika hapo chini, "Mchungaji, mimi ndiye niliyekosewa." Nakuamini. Inawezekana kabisa. Mathayo 5:23 na 24, Bwana anasema ukileta sadaka yako madhabahuni na ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, nenda upatane kwanza. Angalia vizuri: Bwana hakukuuliza nani mwenye makosa. Kama yeye ana neno juu yako, miguu ni yako. Hata nauli ni yako.

Wengine mtasema, "Nilijaribu, hakuitikia." Mithali 18:19 inasema ndugu aliyekosewa ni mgumu kuliko mji wenye ngome. Ngome haifunguki kwa "hujambo" moja uliyotuma Krismasi ya mwaka juzi, halafu ukaona tiki mbili za buluu, ukasema nimemaliza sehemu yangu.

Hapa niseme jambo ili mtu asiumizwe na mahubiri haya. Sizungumzi na dada ambaye kaka yake anampiga, au aliyemdhulumu mwili, au anayetishia kumuua kwa sababu ya ardhi. Hicho si kiburi chako. Ni hatari, na Daudi alipotupiwa mkuki alikimbia. Nenda salama, piga ripoti, tafuta msaada, na kanisa litasimama nawe. Yusufu mwenyewe aliwapima ndugu zake kwanza kabla ya kujitambulisha, akaona kama wamebadilika. Kusamehe si kuwa mjinga. Lakini wewe unayejua moyoni mwako kwamba hakuna mkuki, ni neno tu alilolisema siku ya matanga, usijifiche nyuma ya walioumizwa kweli.

WATOTO WANASOMA

Mwisho, ogopa hili. Esau na Yakobo walipatana, na pamoja walimzika Isaka baba yao. Lakini vizazi baadaye, Hesabu 20, Israeli wametoka Misri wamechoka, Musa anatuma wajumbe kwa Edomu. Anajiita "ndugu yako Israeli." Anaomba kupita barabara tu, hata maji watalipia. Edomu akakataa, akatoka na upanga. Na miaka mingi mbele, nabii Obadia anasimama kumhukumu Edomu. Shtaka ni lipi? Kiburi cha moyo kilimdanganya, na siku ya msiba wa ndugu yake alisimama kando akitazama.

Kusimama kando. Si lazima uchome nyumba ya ndugu yako. Kusimama kando siku ya msiba wake kunatosha kuandikwa kitabuni. Ndugu amelazwa, wewe unasema, "Wacha aone." Mtoto wake amefukuzwa karo, wewe unanyamaza.

Na watoto wako wanakutazama. Hawajui mlichogombania, lakini wanajua nyumba ya baba mkubwa hatuendi. Siku moja watakutana chuo kikuu, jina moja la ukoo, na hawataulizana hata habari. Siku nyingine watakutana kwenye jeneza lako. Nimesimamia mazishi mengi, na naweza kuwaambia ni kilio gani kirefu kuliko vyote pale kaburini. Ni cha yule aliyekuwa hajaongea na marehemu. Kamati ya mazishi inamtaja kwa mchango mkubwa, hema ni lake, gari la maiti ni lake, na wasifu ukisomwa jina lake liko pale juu. Kisha udongo unapoanza kuanguka anashikwa na watu wanne. Pesa aliyoleta ingetosha nauli ya kumwona mara mia.

Usilete hema kwa ndugu ambaye ulimnyima salamu.

Kwa hiyo wiki hii, kabla hujasema umefunga na kuomba, fanya haya. Futa ile namba kwenye orodha ya uliowafungia. Piga simu, usitume ujumbe, sauti ina jambo ambalo maandishi hayana. Usianze na historia. Usianze na "hata wewe ulinikosea." Mwite kwa jina mlilokuwa mkiitana utotoni, na useme, "Nimekukumbuka. Naomba nije nikuone." Akikata, ngoja, piga tena siku nyingine. Ukifika, beba sukari na majani ya chai kama mtu anayeenda kwao. Na kama kuna mali ya kugawanywa, mwiteni mzee mmoja anayemcha Mungu au mpatanishi, mkae mchana, mlango umefungwa, Wamisri wote nje.

Tuombe.

Baba katika jina la Yesu, wewe uliyemuuliza Kaini ndugu yako yuko wapi, tuulize na sisi leo, na usituache tukujibu kwa ujanja. Vunja shingo yetu ngumu kabla mauti hayajatutangulia. Mkumbushe anayesoma hapa jina la ndugu yake. Mpe nguvu ya kuinama hata kama anachechemea, na umtangulie kwa yule Esau, umpe miguu ya kukimbia kuja kumpokea. Waponye wana wetu wasirithi kimya chetu. Amina.

Kama umesema Amina, usiiandike hapa kwanza. Nenda upige hiyo simu, kisha urudi uiandike.

Mchungaji wenu, katika Bwana.